Kabla Hujang'oa Siti ya Ngozi, Jua Kilichochakaa

Siti ya ngozi ikianza kupauka na kupasuka, wenye magari wengi wa Mang'ula huona njia mbili tu: kuivalisha kava ili aibu isionekane, au kuipeleka kwa fundi ikashonwe upya yote. Zote mbili zina gharama, na mara nyingi hakuna iliyohitajika. Katika magari mengi kinachochakaa mwanzo ni rangi. Ngozi iliyo chini yake bado nzima.

Ngozi ya siti kwa kawaida ni ya ng'ombe, yenye unene wa milimita 1 au kuzidi kidogo, iliyotiwa dawa za kromiamu kiwandani ili isioze. Juu yake hupakwa rangi, kisha utandu mwembamba wa plastiki wa kuilinda rangi hiyo. Mkono wako ukipapasa siti, unagusa utandu huo. Ndiyo maana mafuta ya kula, mafuta ya mgando na polishi ya viatu havisaidii kitu: vinabaki juu, vinanasa vumbi, vinachafua nguo, na siku ya kupaka rangi mpya vinaizuia isishike.

Kabla ya yote, hakikisha ni ngozi kweli. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, yale yenye siti za ngozi, huwa na ngozi halisi pale pa kukalia na kuegemea tu. Ubavuni na mgongoni ni reksini, yaani ngozi ya bandia. Chungulia upande wa ndani wa kifuniko, chini ya siti. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpangilio. Reksini ina kitambaa kilichofumwa. Ya bandia ikichoka hubanduka magamba mpaka kitambaa kikatokeza. Ikifika hapo, rangi haiiponyi. Kipande hicho kikatwe, kishonewe kingine.

Pa kwanza kuchakaa ni ukingo wa siti ya dereva ulio upande wa mlango, kwa sababu dereva anauburuzia paja kila anapopanda na kushuka. Huku kwetu kuna mengine yanayouharakisha uchakavu. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na njia nyingi za kuingia vijijini na mashambani bado ni za vumbi. Chembe za mchanga zikinaswa kati ya suruali na siti, kila mtikisiko wa gari unasugua utandu kama msasa. Wakati wa mavuno siti ya nyuma hugeuka ghala la magunia ya mpunga, na maganda ya mpunga yana silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga. Ongeza chumvi ya jasho na jua linalopita kwenye vioo. Halafu kuna mvua: tuko mguuni mwa milima ya Udzungwa, upande wa mashariki unaopata mvua nyingi, na gari likifungwa siku kadhaa wakati wa masika siti huota koga.

Kama tatizo ni rangi na nyufa ndogo, kazi huenda hivi. Vumbi litolewe kwa brashi laini, hasa kwenye mishono. Siti isafishwe kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni isiyo kali. Sabuni ya kufulia isitumike: ngozi iliyotengenezwa kwa kromiamu ina asili ya tindikali, na magadi yaliyomo kwenye sabuni hiyo huidhuru. Ikikauka, ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo ili kuondoa mafuta na polishi ya zamani. Hatua hii ndiyo mafundi wa haraka huiruka, na ndiyo sababu rangi yao hubanduka baada ya muda mfupi.

Kisha sehemu iliyopasuka isuguliwe taratibu kwa msasa laini, namba 600 au zaidi, na nyufa zijazwe kwa pati ya ngozi, ile inayokunjika. Ipakwe nyembamba, ikauke, irudiwe. Pati ya bodi ya gari haifai, kwa kuwa hukauka ngumu na kupasuka mtu akikaa. Rangi iwe ya ngozi, inayochanganywa na maji, ipakwe kwa sponji au kwa kupuliza, mikono kadhaa myembamba badala ya mmoja mzito. Mwisho ni utandu wa kulinda. Siti isikaliwe angalau siku nzima. Rangi ya maji hukauka polepole kwenye hewa yenye unyevu, hivyo msimu mzuri wa kazi hii hapa kwetu ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba.

Palipotoboka panahitaji kiraka cha kitambaa kinachopenyezwa chini ya ngozi na kubandikwa kwa gundi inayonyumbulika, kisha pati na rangi juu yake. Kushona katikati ya ngozi huongeza safu ya matundu, na ngozi itachanika kwa kufuata matundu hayo. Ikiwa ni mshono tu uliofumuka, fundi apitishe uzi imara kwenye matundu ya zamani. Kama siti imebonyea, kosa ni la sponji, na kubadilisha ngozi peke yake hakutainyanyua.

Hapa pana jambo la usalama. Siti yenye nembo ya SRS au neno AIRBAG ubavuni ina mfuko wa hewa ndani yake. Mshono wa upande huo umeshonwa makusudi ufumuke wakati wa ajali. Fundi akiushona kwa uzi mgumu, au ukivalisha kava isiyo na nafasi hapo, mfuko unaweza kushindwa kufunguka sawasawa. Kabla ya kung'oa siti ya aina hii, swichi izimwe, betri itenganishwe na isubiriwe dakika kadhaa, na viunganishi vya waya za njano viachiwe anayevijua.

Baada ya matengenezo, matunzo ni mepesi. Pangusa vumbi kabla halijasuguliwa, tandika kitambaa kizito chini ya mizigo, egesha kivulini, na ukiona koga fungua milango hewa ipite, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu.

Ukienda kwa fundi, muulize mapema: polishi ya zamani ataiondoa kwa kitu gani, rangi yake ni ya ngozi au ya bodi, na siti ina mfuko wa hewa au haina. Asiyeweza kujibu matatu hayo usimwachie gari lako.