Mji wa Kale Ndani ya Nairobi

Mtu afikaye katika mji mdogo wa kale huko Ufaransa huonyeshwa kanisa na soko, na karibu kila mahali huonyeshwa jiwe la ukumbusho lenye majina ya wenyeji waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918. Wakazi wengi wa mitaa ya Mashariki ya Nairobi hudhani ya kuwa kwao hakuna jambo la kale la kumwonyesha mgeni. Sivyo hata kidogo. Yafaa mtu atenge alasiri moja ya Jumapili, aanze matembezi yake Kariokor.

Watu huenda huko kununua vyondo na kula nyama choma bila kuuliza asili ya jina hilo. Wakati wa vita Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina likawa Kariokor, kama lilivyogeuka Kariakoo huko Dar es Salaam. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi nyuma ya majeshi yaliyopigana na Wajerumani. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Katika Barabara ya Kenyatta imesimama sanamu ya mpagazi pamoja na askari, lakini hapana jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 tume itunzayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kuwa wengi wao hawakukumbukwa kwa majina. Basi Kariokor ndilo jiwe lao.

Kutoka hapo si mbali kufika Pumwani. Mapema katika miaka ya 1920 Waafrika waliokaa katika vijiji mbalimbali vya mji walihamishiwa huko, wakapewa viwanja na kujijengea nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wake wengi walihamia mtaa mpya wa Shauri Moyo.

Msafiri akivuka Barabara ya Jogoo ataingia Kaloleni, mtaa wa nyumba za mawe uliojengwa katika miaka ya 1940, na mateka wa Kitaliani walikuwa miongoni mwa wajenzi. Asipite ukumbi wake bila kusimama. Hapo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walidai uhuru mbele ya mkutano. Mwezi uliofuata Makhan Singh alikamatwa, akakaa kizuizini hata 1961.

Maghorofa mapya yanazidi kuinuka katika mitaa ya Mashariki, na watu wanahitaji makao bora. Hakuna awezaye kulaumu jambo hilo. Lakini nyumba ya kale ikianguka na mzee aliyejua habari zake akifariki, jina la mtaa hubaki sauti tupu. Wafaransa waliandika majina ya wafu wao juu ya mawe. Wakazi wa Mashariki wameachiwa majina ya mitaa, nayo hudumu maadamu kuna mtoto anayeuliza na mzee anayejibu. Heri kumwuliza mzee leo, angali barazani.