Ulaini wa Ngozi na Bei Yake

Anayenunua pochi huanza kwa kuibonyeza. Ikibonyea vizuri anaridhika, anatoa hela. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo maana pochi nyingi za bei ya chini ni kitambaa kilichopakwa plastiki, ndani yake pamewekwa sponji. Ulaini wa kulipia ni ule wa nyuzi za ngozi yenyewe, na hata huo haufai kila kitu.

Kwa pochi ya mfukoni, ningeweka fedha yangu kwenye ngozi ya mbuzi. Nyuzi zake zimeshikana sana, hivyo fundi anaweza kuipunguza unene hadi milimita moja hivi na bado isichanike penye kunjo. Ya kondoo ni laini zaidi mkononi, lakini tabaka lake la juu hubanduka upesi. Inafaa glavu na bitana. Ya ng'ombe ni imara, ila ikiachwa nene pochi hujaza mfuko hata kabla ya kuwekwa noti.

Tatizo kubwa liko kwenye maneno "ngozi halisi". Ngozi ya ng'ombe hupasuliwa kwa mashine ikawa matabaka. La juu, lenye vitundu vya vinyweleo, ndilo lenye nguvu na ndilo la bei. La chini hupakwa rangi nzito au plastiki, likang'arishwa, na muuzaji hasemi uongo akiliita ngozi. Basi tazama ukingo uliokatwa: ukiona nyuzi tupu, sawa, ukiona kitambaa au utando wa plastiki juu, teremsha bei au ondoka. Harufu isikudanganye, maana hupuliziwa. Wala usiikatae ngozi kwa kovu dogo la mwiba au kupe, kwa sababu kovu hilo huonyesha kwamba tabaka la juu halikusuguliwa.

Sasa hesabu. Tuseme pochi ya ngozi bandia ni shilingi 10,000 na inadumu mwaka mmoja, na ya mbuzi ni 40,000 ikadumu miaka mitano. Ya pili inakugharimu 8,000 kwa mwaka, na mshono ukifumuka fundi anaushona. Plastiki iliyoanza kubanduka haina fundi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tofauti ni kubwa zaidi, kwani joto na unyevu huimegua plastiki hiyo hata ikiwa imelala kabatini. Ngozi nayo hushika ukungu huko, lakini hufutwa kwa kitambaa kikavu na kuanikwa kivulini.

Mkanda ni habari nyingine. Hapa ulaini ni kasoro: mkanda laini hurefuka, na matundu yake hupanuka. Tafuta kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, milimita 3 hadi 4, kisichogundishwa matabaka. Iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama miwati inayopandwa Njombe, huanza ikiwa ngumu na kulainika kwa kuvaliwa. Usindikaji huo huchukua majuma, wakati ule wa kromu, unaotoa ngozi laini ya mabegi, humalizika kwa siku chache. Ndiyo sababu bei ya ngozi ya magome iko juu. Kabla ya kulipa ukunje mkanda, upande wa juu ukiwa nje. Rangi ikipasuka papo hapo, mrudishie mwenyewe.