Sura ya Saba: Kuliwahi Deni la Nyumba

Tuchukue mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 80, riba asilimia 16 kwa mwaka, muda miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 1,175,000. Mkopaji asiyekosa hata mwezi mmoja atamaliza mwaka wa kwanza akiwa ametoa milioni 14 na ushee. Akienda benki kuuliza salio, ataambiwa bado anadaiwa milioni 78 na laki sita. Zimetoka milioni 14, deni limepungua kwa milioni moja na laki nne.

Wengi wakifika hapo hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Benki inatoza riba juu ya deni lililobaki, na mwezi wa kwanza deni lililobaki ni lote. Riba ya mwezi huo ni kama shilingi 1,067,000. Rejesho likishailipa, kinachobaki kwenda kupunguza msingi wa mkopo ni shilingi 108,000. Mwezi unaofuata riba inashuka kidogo na msingi unapungua zaidi kidogo, hivyo hivyo hadi miaka ya mwisho, ambapo sehemu kubwa ya rejesho lilelile huingia kwenye msingi. Miaka 15 ikitimia, umelipa zaidi ya milioni 211. Kati ya hizo, milioni 131 ni riba.

Mikopo hii imetoka wapi

Benki ya Nyumba Tanzania ilipofungwa mwaka 1995, wananchi walirudi kwenye njia waliyoizoea: nunua kiwanja, pandisha msingi, subiri hela, nunua mabati. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria mbili zilizobadilisha hali. Moja iliboresha utaratibu wa mikopo ya rehani. Nyingine iliruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Kwa Kariakoo na Mchikichini jijini Dar es Salaam, ambako nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa, sheria hii ya pili ina uzito wa pekee: mtu anaweza kumiliki makazi ya ghorofa ya nne na kuyaweka rehani bila kumiliki jengo zima.

Mwaka 2010 ikaundwa TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), kampuni isiyomkopesha mwananchi moja kwa moja bali inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa muda mrefu. Wakati huo riba ilikuwa inazidi asilimia 20 na muda wa kulipa ni mfupi. Leo zipo benki zinazotoa hadi miaka 25, na riba imeshuka. Lakini bado ni kali. Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo anayelipa riba ya asilimia 16 asitegemee kwamba shilingi itashuka thamani na kumpunguzia mzigo.

Shilingi inayowahi

Kila shilingi unayolipa juu ya rejesho, mradi huna malimbikizo, inaweza kwenda yote kwenye msingi. Riba ya mwezi huo imeshalipwa. Turudi kwenye mkopo wetu: ukiongeza laki mbili kila mwezi tangu mwanzo, deni linaisha kwa miaka tisa na miezi mitano badala ya 15, na riba unayookoa ni takriban milioni 56. Jumla ya zile laki mbili ulizoongeza haifiki milioni 23.

Wakati wa kulipa una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Milioni tano za mkupuo zikilipwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza zinakata takriban miezi 32 ya marejesho na kuokoa riba ya milioni 32. Milioni tano zilezile zikingoja hadi mwisho wa mwaka wa kumi zinakata miezi tisa tu, na riba inayookolewa ni milioni tano na nusu. Dawa ya deni kulipa, na dawa hii ina nguvu zaidi ikinywewa mapema.

Hesabu hii inamfaa mfanyabiashara kuliko anavyofikiri. Mwajiriwa ana mshahara wa kila mwezi. Muuza nguo wa Mchikichini hela yake inakuja kwa misimu: kuelekea Idi, Desemba, Januari wazazi wanapotafuta sare na viatu vya shule. Akijifunga kuongeza kiasi kilekile kila mwezi, mwezi mkavu utamuumbua. Afadhali alipe rejesho la kawaida mwaka mzima, kisha apeleke mkupuo msimu ukiisha, au zamu yake ya mchezo wa kuchangiana ikifika.

Zungumza na benki kwanza

Usiingize hela kwenye akaunti ukaondoka. Bila maelekezo, benki inaweza kuihesabu kama marejesho ya miezi ijayo, au ikaiacha tu kwenye akaunti, na msingi ukabaki palepale. Andika barua kwamba fedha hizo zipunguze msingi wa mkopo. Taja pia unachotaka kipungue: muda au rejesho. Kupunguza rejesho kunakupa nafuu ya mwezi, lakini akiba kubwa ya riba iko kwenye kupunguza muda. Baada ya hapo omba jedwali jipya la marejesho na ulihifadhi.

Soma mkataba kwa mambo matatu. La kwanza ni ada ya kulipa mapema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalinda haki ya mweka rehani kuikomboa mali yake akilipa deni na gharama halali, ila gharama hizo uzijue kabla. La pili ni aina ya riba. Mifano yote ya sura hii ni ya riba inayopungua kadiri salio linavyopungua. Kama riba ilipigwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza, kulipa mapema hakutakuokolea kitu mpaka mkataba uwe na kipengele cha punguzo.

La tatu linawahusu wanaochukua fedha kwa misingi ya Kiislamu, kwa mfano kupitia Benki ya Amana iliyoanza mwaka 2011. Kwenye murabaha benki hununua mali na kukuuzia kwa bei iliyokwisha kutajwa, na bei hiyo haishuki yenyewe kwa sababu umewahi. Benki inaweza kukusamehe sehemu kwa hiari yake. Kwenye musharaka inayopungua, ambapo wewe na benki mnamiliki nyumba kwa ubia, hali ni tofauti: ukinunua hisa za benki katika nyumba hiyo haraka zaidi, kodi unayoilipa nayo inashuka.

Asiyepaswa kuharakisha

Hela ikishaingia kwenye msingi, haitoki kirahisi. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Januari 2022 ikawa zamu ya Soko la Karume, hapohapo Mchikichini, na wafanyabiashara walipoteza mali kwa usiku mmoja. Mtu aliyekuwa amepeleka kila akiba yake benki asingeweza kuambiwa, "Chukua urudishe mtaji." Rejesho la mwezi uliofuata lingedaiwa vilevile. Basi weka kwanza akiba ya kukidhi marejesho na matumizi ya miezi sita hivi, na bima ya mali.

Maliza pia madeni ghali zaidi. Ni hasara kuongeza laki mbili kwenye mkopo wa asilimia 16 huku unalipa mkopo wa kausha damu unaotoza kiwango hicho kwa mwezi. Na usiguse mtaji wa mzunguko. Belo la nguo linalozunguka mara kadhaa kwa mwaka linaweza kukuingizia zaidi ya riba unayookoa. Faida iliyolala ndiyo ipelekwe. Kwa kulinganisha, hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliyotoka Aprili 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Hata hiyo isingeishinda riba ya mkopo wetu.

Siku ya mwisho

Salio likifika sifuri kazi haijaisha. Dai barua ya kumaliza deni, hati yako, na nyaraka za kufuta rehani, kisha hakikisha ufutaji huo umesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Rehani ambayo haijafutwa itakukwamisha siku utakapotaka kuuza, kukopa tena au kurithisha, hata kama hudaiwi senti.