Honi Ikinyamaza, Usikimbilie Kununua Mpya

Gari likikataa kuwaka, mwenyewe huhangaika asubuhi hiyo hiyo. Breki zikilia, hupelekwa kwa fundi wiki hiyo. Lakini honi ikinyamaza, aghalabu huachwa mpaka siku ya ukaguzi, au mpaka mtoto achomoke mbio kutoka kichochoroni na dereva abonyeze usukani asisikie kitu. Kwa wakazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kuta za nyumba zimeigusa barabara na dereva haoni kilichoko nyuma ya pembe mpaka ameifikia, honi si pambo. Kanuni za barabarani za Kenya nazo zataka kila gari liwe na chombo cha kutoa sauti ya tahadhari.

Hata hivyo, kilichonisukuma kuandika si sheria, bali ni tiba mbili zitolewazo kila siku kwa maradhi haya. Ya kwanza ni kumuuzia mtu honi mpya bila ya kupima lolote. Ya pili ni kuitoboa dashibodi na kutia kitufe mfano wa kengele ya mlangoni, kisha usukani ukaachwa na ububu wake. Ya kwanza humtia mtu hasara ya fedha. Ya pili yaweza kuficha hitilafu iliyo kubwa kuliko honi yenyewe, nami nitaifikia.

Tuanze na honi. Ndani ya kile kisahani cheusi kilichofungwa nyuma ya wavu wa mbele mna sumaku ya umeme na kiwambo chembamba cha chuma, mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Umeme ukifika, sumaku hukivuta kiwambo. Kikivutika, hutenganisha ncha mbili zipitishazo umeme. Umeme ukikatika, kiwambo hurejea mahali pake, ncha zikagusana tena, na mambo yakaanza upya. Hayo hutokea mara 400 hadi 500 hivi kwa sekunde moja, na mtetemo huo ndio sauti tuisikiayo. Magari mengi yana honi mbili, moja ya sauti nzito na nyingine ya sauti nyembamba, ndiyo maana moja ikifa gari hubaki likilia kama mbuzi mgonjwa na mwenyewe asijue amepungukiwa na nini.

Umeme wa kazi hiyo ni mwingi mno kupitishwa katika nyaya nyembamba za usukani. Kitufe cha usukani huiamsha tu rilei, kidude kidogo cha mraba kikaacho katika kisanduku cha fyuzi, na rilei ndiyo iufungulie njia umeme utokao kwenye betri, ukapita fyuzi, ukaifikia honi. Ukishaijua safari hiyo, kazi iliyobaki ni kutafuta mahali msafiri alipokwama.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana wala senti. Ni sikio. Fungua boneti, washa swichi bila ya kuwasha injini, mtu mmoja abonyeze honi na mwingine ainamie kisanduku cha fyuzi. Ukisikia "tak" ndogo kila abonyezapo, basi kitufe ni kizima, nyaya za usukani ni nzima, na rilei inaamka. Hitilafu itafutwe mbele, upande wa honi. Usiposikia kitu, anza na fyuzi, kwani katika magari mengi fyuzi hiyo hiyo huilisha rilei, kisha urudi nyuma kuelekea usukani.

Fyuzi ya honi aghalabu ni ya ampea 10 au 15. Magari yetu mengi yameletwa yakiwa yameshatumika Japani, na kitabu chake, kama kimekuja, kimeandikwa Kijapani. Lakini mchoro ulio chini ya kifuniko cha kisanduku hutosha kukuonyesha mahali pa fyuzi. Ing'oe uitazame kwenye mwanga. Ikiwa uzi wa ndani umekatika, tia nyingine ya ampea zile zile. Wako watiao waya, au ile karatasi ya kung'ara ya pakiti ya sigara, wakidhani wameokoa shilingi chache. Hao wameing'oa tahadhari na kuuacha moto uamue. Fyuzi mpya nayo ikikatika mara honi inapobonyezwa, usitie ya tatu. Mahali fulani waya umechunika na kugusa bodi, au honi yenyewe imeungua ndani.

Rilei hupimwa kwa njia nyepesi zaidi. Mara nyingi jirani yake mna nyingine ya umbo na namba ile ile, ya kazi isiyo ya dharura. Zibadilishane nafasi. Honi ikilia, umempata mgonjwa wako.

Sasa tuje pwani. Honi hukaa mbele, karibu na bampa, mahali panapopokea kila kitu: hewa ya chumvi, matope ya masika, na maji ya bahari yarukayo magurudumu yakishuka katika feri ya Likoni. Shaba ya waya hugeuka kijani, na chuma huliwa na kutu. Magari mengi ya Kijapani yana waya mmoja tu uingiao kwenye honi. Njia ya umeme kurudi kwenye betri ni kile kipande cha chuma kilichoishikilia honi, na bolti moja iliyokifunga kwenye bodi. Kutu ya upana wa ukucha chini ya bolti hiyo yatosha kuinyamazisha honi iliyo nzima kabisa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, abebaye wanafunzi kwa gari lake, aliambiwa na muuza vipuri anunue honi mbili. Kabla hajatoa fedha alipita kwa fundi mmoja mzee wa umeme wa magari. Mzee yule alishika testa yake, ile bisibisi yenye taa na waya, akaibana kwenye upande hasi wa betri, akagusisha ncha kwenye waya wa honi, akamwambia abonyeze. Taa ikawaka. "Mwanangu," akasema, "umeme umefika, ila hauna pa kurudia." Akafungua bolti, akapitisha msasa mpaka chuma kikang'ara, akapaka grisi kidogo, akafunga. Honi zote mbili zikalia kwa pamoja.

Lau taa ya testa isingewaka, maana yake ni kwamba waya umekatika njiani baina ya rilei na honi. Na lau chuma kingekuwa safi na honi bado ni bubu, ingefunguliwa na kuungwa moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili. Isipolia hapo, imekufa kweli, na sasa ndiyo halali kununua nyingine. Unapoifunga mpya, mdomo wake uelekee chini, maji yasikae ndani. Nyingine huwa na skrubu ndogo nyuma ya kurekebisha sauti. Izungushe robo tu ya mzunguko kila mara, usizidishe.

Kwa wenye tuktuk na bodaboda maneno ni machache, kwa kuwa safari ya umeme ni fupi. Kitufe cha mkononi hujaa vumbi na maji ya mvua. Kisafisheni na mtazame waya upindao kwenye shingo ya usukani, ambako hukatika kwa kukunjwa kila siku, kabla ya kuilaumu honi.

Nimeuacha usukani wa gari kuwa wa mwisho kwa makusudi. Usukani huzunguka, nao una nyaya ndani yake. Ili nyaya hizo zisijisokote na kukatika, nyuma ya usukani mmewekwa utepe mwembamba wa nyaya uliokunjwa ndani ya kikasha cha plastiki, mfano wa springi ya saa, ujikunjao na kujikunjua dereva akatapo kona. Kwa miaka mingi ya kukunjwa, utepe huo hupasuka. Ukipasuka, honi hunyamaza, na pengine vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani navyo hufa. Lakini ndani ya utepe ule ule umo pia waya wa mfuko wa hewa, ule ufumukao mbele ya kifua cha dereva gari ligongapo. Waya huo ukikatika, mfuko hautafumuka siku ya ajali.

Hapa ndipo kitufe cha dashibodi kinapokuwa udanganyifu, hata kama fundi hakukusudia kudanganya. Honi italia, mwenye gari ataridhika na kulipa, ilhali mfuko wa kuokoa uhai wake umelala hauna habari. Basi honi ikinyamaza, tazameni taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake. Ikiwa inawaka muda wote, msikubali kitufe. Semeni utepe wa usukani upimwe.

Kazi hiyo si ya kujaribia nyumbani. Mfuko wa hewa hufumuka kwa baruti, na wenye kuinamia usukani wakati huo huumia vibaya. Fundi aijuaye kazi huchomoa kwanza waya wa upande hasi wa betri, akangoja dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, na hagusishi testa kwenye soketi za rangi ya manjano, kwani rangi hiyo ndiyo alama ya nyaya za mfuko. Magurudumu ya mbele huyanyoosha sawa, na utepe mpya huuweka katikati ya mizunguko yake kabla ya kuufunga. Ukifungwa kombo, utapasuka siku ya kwanza usukani utakapokatwa hadi mwisho.

Na anayenunua gari lililotumika akiona kitufe cha honi kilichoongezwa kwenye dashibodi, awashe swichi na kuitazama taa ile ya mfuko wa hewa. Taa nzima huwaka kwa sekunde chache kisha ikazimika. Isipowaka kabisa, yamkini aliyeuza ameing'oa balbu.