Wajina na Somo: Juu ya Kumpa Mtoto Jina Lililo Karibu na la Mtoto wa Rafiki

Mara kwa mara mwalimu au padre huulizwa hivi: "Rafiki zetu wamemwita binti yao Mariamu, nasi twataka kumwita wetu Maria. Je, tutakuwa tumewaibia jina?" Swali laonekana dogo. Lakini niliwahi kuona nyumba mbili, moja ya Kilosa na moja ya Mikumi, zilizozoea kupelekeana unga na kuuguziana watoto, zikaacha kusalimiana kwa ajili yake. Wa Mikumi walidhani hapana neno. Wa Kilosa walipata habari kwa mtu mwingine, mtoto amekwisha kubatizwa. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa desturi na kwa lugha.

Kwanza, desturi. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na tangu zamani mtoto aghalabu hupewa jina la mzee aliyekwisha kufa. Jina la namna hiyo si pambo. Ni kumbukumbu ya mtu, na wenye kumbukumbu ni jamaa zake. Wajukuu wa bibi mmoja waweza kuitwa jina moja bila ugomvi, maana bibi ni wa wote. Rafiki hana bibi huyo. Hapo ndipo ulipotoka uchungu wa nyumba ya Kilosa: Mariamu lilikuwa jina la mama yake mke, aliyefariki miezi michache kabla mtoto hajazaliwa.

Yako majina mengine yasiyo na mwenyewe. Juma na Hamisi ni ya siku. Mosi na Pili ni ya kuhesabu. Kulwa na Doto ni ya mapacha. Tabu na Mashaka ni ya mambo yaliyowapata wazazi. Hakuna awezaye kumkataza jirani yake kuzaa siku ya Ijumaa. Tena Kilosa ni mahali walipokutana watu wa makabila mengi kwa kazi za reli na mashamba ya mkonge, na jina moja huko husikika kwa sauti nyingi. Yohana wa Waprotestanti ni Yohane wa Wakatoliki na Yahya wa Waislamu. Maria, Mariamu na Miriamu asili yao ni moja. Kwa hiyo anayejitetea kwa kusema, "Nimegeuza mwisho wa jina," hajajitetea bado.

Pili, lugha. Mwenye jina moja na mwingine huitwa wajina, au somo. Tuangalie: kwa fundisho twasema "somo langu", lakini kwa mtu twasema "somo yangu", kama vile "rafiki yangu" na "ndugu yangu". Sarufi yenyewe imemweka wajina kati ya jamaa. Wakatoliki nao humwita somo yule mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake. Na mwanamke amfundaye mwari huitwa somo pia. Katika maana hizi zote, somo ni mtu mwenye wajibu kwa mwenziwe. Basi jina la rafiki halikatazwi, ila huombwa, kama uombavyo udugu.

Baba wa Mikumi alielewa hivyo mwishowe. Alikwenda Kilosa pamoja na mkewe na mtoto, akaomba radhi, si kwa ajili ya jina, bali kwa kunyamaza. Mama wa Kilosa alimpakata mtoto kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Karibu, somo wa mama yangu." Tangu hapo unga ukaanza kupelekwa tena.

Kwa walimu nina neno moja. Majina yanayofanana darasani yasituchoshe. Hata katika wale Thenashara walikuwamo Simoni wawili na Yakobo wawili, nao walitambulishwa kwa jina la baba au kwa jina la pili. Nasi tuandike na kuita pamoja na jina la baba, wala tusiwapambanue watoto kwa unene, wekundu au kilema. Na mzazi ajapo na jina la kuandikwa katika daftari la ubatizo, tumwulize kwanza: "Wajina wake amekwisha kujua?"