Piga Simu Kabla ya Kulipa

Mteja akisimama mbele ya meza ya vifaa vya simu Kariakoo na kuulizia eafoni zisizo na waya, hukawii kusikia: "Eapodi zipo, dada'angu, chagua tu." Yanapangwa maboksi kumi, yote eapodi, na hakuna hata moja lililotoka Apple. Kampuni hiyo ya Marekani ilizitangaza AirPods mwaka 2016 kwa dola 159, kisha jina likaihama, kama Omo ilivyogeuka jina la kila sabuni ya unga.

Maandishi ya boksi si lazima yawe ya uongo. Yanataka tu kusomwa taratibu. "Saa 30", kwa mfano, ni chaji ya masikioni pamoja na akiba iliyo ndani ya kasha. Soundcore P20i hutangazwa kwa saa hizo 30, lakini zikivaliwa mfululizo ni saa 10. Redmi Buds 4 Lite ni saa 20 kwa jumla, masikioni 5. Na hayo ni mahesabu ya viwanda vyenyewe, kwa sauti ya wastani. Anayefungulia mpaka mwisho ajitoe humo.

Eafoni hizo mbili zinafundisha jambo jingine. Spika ya Redmi ina upana wa milimita 12, ya Soundcore 10, na muuzaji mjanja atasema kubwa ndiyo yenye besi. Sikioni mambo huwa kinyume. Redmi hiyo hukaa mlangoni mwa sikio bila mpira, hivyo besi huvujia nje. Soundcore ina mipira laini inayoziba tundu. Mpira ukipwaya, besi hupotea hata kwenye eafoni ya laki tano. Ndiyo maana boksini huwekwa mipira ya saizi tofauti, ile ambayo watu huitupa pamoja na karatasi ya maelezo. Hata hivyo, anayetembea kandokando ya barabara ana sababu ya kuipenda isiyoziba: honi inasikika.

Halafu kuna herufi. ANC na ENC huchanganywa kila siku, pengine kwa makusudi. ANC humhudumia msikilizaji: maikrofoni hunasa kelele za nje, eafoni ikatengeneza wimbi la kinyume la kuzifuta. Hufaulu zaidi kwa mngurumo usiobadilika, kama wa injini ya daladala au jenereta. Sauti ya konda itapenya tu. ENC humhudumia mtu wa upande wa pili wa simu, kwa kumsafishia sauti ya anayeongea. Boksi lenye ENC peke yake halimpunguzii abiria mngurumo wowote.

Na kwenye simu ndipo eafoni za bei nafuu huumbuka. Muziki siku hizi nyingi zinaumudu, zikiwemo za Oraimo, chapa ya Transsion, kampuni ile ile ya China yenye Tecno, Infinix na itel. Lakini simu ikiingia, Bluetooth hubadili utaratibu: njia iliyokuwa ikileta muziki tu sasa inabeba sauti kwenda na kurudi, na ubora hushuka. Isitoshe, maikrofoni iko sikioni, mbali na mdomo. Mtu wa upande wa pili huuliza kama mwenzake kajifungia kwenye pipa.

Kwa hiyo wimbo wa muuzaji, uliochaguliwa kwa besi yake, haupimi kitu. Mnunuzi ampigie ndugu yake pale pale, katikati ya makelele, amuulize anasikikaje. Nusu dakika inatosha. Kisha aweke simu mfuko wa nyuma na kutembea kidogo: mawimbi ya Bluetooth ni ya gigahezi 2.4, na maji ya mwilini huyameza. Eafoni dhaifu itaanza kukatakata.

LDAC, mfumo wa kupitisha muziki wa ubora wa juu kwa Bluetooth, isimtishe mtu. Hufanya kazi pale tu simu na eafoni zote zinapoielewa, na iPhone haiielewi. Kwa nyimbo zilizosambazwa WhatsApp, ni mapambo.

Kwa jasho la Dar es Salaam, alama ya kuhimili maji ya IPX4 inatosha, maana huvumilia matone ya kila upande. IPX7 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kasha mara nyingi halimo katika ahadi hiyo, kwa hiyo eafoni zifutwe kabla ya kurudishwa kwenye chaji.

Mipira inayoziba ina faida moja isiyoandikwa kwenye boksi: hupunguza kelele za nje, hivyo hakuna haja ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Zikifika 90, saa ni 4 tu. Abiria wa Mbagala anayeongeza sauti ili aishinde injini, kwenda na kurudi, anaweza kuzimaliza kabla ya Jumatano.

Betri nazo huchoka, na kwa kuwa zimefungiwa ndani ya kitu kidogo kama punje ya korosho, kuzibadilisha mara nyingi hakulipi. Ila wengi hawafiki huko, kwa sababu moja hudondoka mapema wakati wa kugombea mlango wa daladala. Zipo ambazo kila upande hufanya kazi peke yake, na zipo zinazogoma zikimkosa pacha. Hilo nalo hujulikana mezani: ya kulia irudishwe kwenye kasha, kifuniko kifungwe, na mteja asikilize kama ya kushoto bado inaimba.