Bin Nani, na wa Tumbo Lipi? Tujifunze Kutafuta Nasaba kwa Tippu Tip

Katika familia nyingi za Kizanzibari zilizotawanyika Muscat, Dubai na London, yuko babu mmoja anayetajwa kwa fahari: "Huyo alikuwa mtu wa bara." Yaani alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Alivuka bahari, akapanda Tabora na Ujiji, pengine akafika Manyema, akarudi na pembe. Vijana wetu wanapotaka kumjua zaidi, hushika uzi wa majina: huyu bin fulani, bin fulani. Baada ya vizazi vitatu uzi hukatika.

Yuko mfanyabiashara mmoja wa zama hizo anayeweza kutuonyesha uzi ulipokatikia. Ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja yapata 1837, akafia hukohuko Juni 1905. Uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa Ujerumani Unguja, alizigeuza kwa herufi za Kirumi, zikachapishwa Berlin kati ya 1902 na 1903. Wengi huyasoma maisha hayo kama hadithi ya safari na vita. Mimi nawaomba tuyasome kama daftari la ukoo.

Ukifuata baba peke yake

Jina lake linatupeleka kwa Wamurjebi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ndoa ile ilimpa heshima na ulinzi katika nchi ambayo misafara mingi ya kwenda magharibi ilipitia.

Lakini Karunde hakuwa mama yake Hamed. Mama yake alikuwa binti wa Habib bin Bushir el-Wardi. Kabla ya kuolewa na Muhammed bin Juma, bibi huyo alikuwa na mtoto mwingine, Muhammed bin Masud el-Wardi. Hao ni ndugu wa tumbo moja, mmoja Murjebi, mwingine Wardi.

Hamed alipofika miaka 12 alianza safari za karibu za biashara ya sandarusi. Alifuatana na ndugu yake huyo na wajomba zake, Bushir na Abdallah, wana wa Habib. Ni baadaye tu, alipokaribia miaka 18, ndipo baba yake alipomchukua kwenda Unyamwezi. Kwa hiyo waliomfundisha kazi kwanza walikuwa watu wa upande wa mama, na anayetafuta "el-Murjebi" pekee hatawaona kabisa. Unapoandika nasaba ya babu yako, kwa kila jina la baba weka jina la mama na la wajomba.

Majina mengi, mtu mmoja

Kikwazo cha pili ni jina lenyewe. Mwenyewe alisema "Tippu Tip" lilitokana na mlio wa bunduki zake vitani. Wengine walilihusisha na kope zake zilizokuwa zikipepesa. Bara aliitwa pia Mkangwanzara, na Wazungu waliandika Tippoo Tib. Ukoo wake utaukuta umeandikwa el-Murjebi, al-Murjabi au Marjebi. Basi kabla hujafungua nyaraka zozote, orodhesha kila lakabu na kila namna ya kuandika jina la babu yako.

Fuata deni

Hakuna aliyekwenda bara kwa fedha yake peke yake. Nguo, shanga na baruti zilichukuliwa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi Unguja, na mkopo ulilipwa kwa pembe msafara uliporudi. Tippu Tip alikopeshwa na Tharia Topan, tajiri mkubwa mwenye asili ya Kutch. Safari yake ndefu kuliko zote ilianza 1870 na hakurudi Unguja mpaka 1882. Mdai aliyengoja miaka hiyo yote lazima alikuwa na hesabu zake. Babu asiyeonekana katika habari za ukoo huenda akaonekana katika hati ya deni, rehani ya shamba au kesi ya mirathi. Pa kuanzia ni Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, Kilimani.

Bibi aliyempa nchi

Sasa nafika kwenye kisa kinachonigusa zaidi. Akiwa Utetera, kati ya mito Lomami na Lualaba, Tippu Tip alisikia kwamba dada zake mtawala mzee, Kasongo Rushie, waliwahi kutekwa na watu wa Urua. Akasema kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, alinunua huko Urua mwanamke ambaye ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa hesabu hiyo, yeye ni mjukuu wa nyumba ile. Kasongo Rushie alimkubali, akamkabidhi utawala.

Wasomaji wengi wa habari hiyo huiona ni hila, na naamini wana haki. Ila hila hushika pale tu inapofanana na mambo yanayotokea. Mwanamke kutekwa, kuuzwa, kuwa suria na kuzaa watoto wa bwana lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeshangaa. Na Tippu Tip mwenyewe alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo. Vijiji viliteketezwa ili watu wake wapate pembe na watumwa, na mashamba yake ya Unguja yalilimwa na watu walionunuliwa.

Watu hao wamo katika nasaba zetu. Baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, watumwa walioomba uhuru waliandikwa, nao mabwana wao wakalipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka 1909. Madaftari ya wakati ule yana majina ambayo shajara zetu za ukoo hazina.

Lakini kabla ya madaftari, mwendee bibi mkubwa kuliko wote katika familia, au mpigie simu leo. Usimwulize tu babu alikuwa bin nani. Mwulize nani alimzaa, na huyo mama alitoka wapi. Mara nyingi utasikia neno moja likisemwa kwa sauti ya chini: "Mmanyema," "Myao," "Mnyasa." Liandike neno hilo, na jina lake kama linakumbukwa.

Tippu Tip alimtaja bibi aliyenunuliwa, hadharani, kwa sababu jina lake lilimpa nchi. Sisi tunao mabibi wa kweli kama huyo, na kwa miaka mia tumewanyamazia.